Kupitisha Nyaya za Spika Kwenye Milango ya Gari la Zamani: Mwongozo Kamili

Fungua mlango wa gari lolote la zamani, uiname karibu na bawaba. Utaona nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya nguzo ya gari na ukingo wa mlango. Kazi yote ya kuweka spika mlangoni hufaulu au huharibika hapo. Kulaza waya chini ya kapeti si shida, na kufunga spika ni skrubu nne tu. Lakini hapo kwenye bawaba waya utakunjwa kila mtu akiingia na kutoka, mvua itapita, na bati lina makali pande zote mbili. Magari ya siku hizi hutoka kiwandani na mpira wenye mikunjo unaolinda nyaya za mlango. Gari la miaka ya 1950 au 1960 mara nyingi halina kitu: spika ilikuwa moja, katikati ya dashibodi, na mlangoni hamkuwa na waya hata mmoja.

Mara yangu ya kwanza nilitoboa matundu mawili yanayotazamana uso kwa uso, moja kwenye nguzo na jingine mlangoni, nikajiona fundi. Baada ya miezi michache spika ya kushoto ikaanza kukatika kila mlango ulipofungwa, kisha ikanyamaza kabisa. Nilipofungua nikakuta waya umepondwa ukawa bapa kama utepe, shaba imetokeza na inagusa bati. Chaneli moja ya redio, yaani njia ya sauti ya spika hiyo, ilikuwa imeshakufa. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kukuepusha na tundu lile.

Kwanza amua kama mlango unastahili kukatwa

Tofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kupitisha waya na kukata ubao wa mlango. Kupitisha waya kunahitaji tundu dogo la kwenye nguzo na jingine kwenye ukingo wa mlango. Yote mawili yamejificha mlango ukifungwa, na yanaweza kuzibwa baadaye. Kukata duara la sentimita 14 kwenye ubao wa ndani wa mlango ni jambo jingine. Kama ubao huo ni ule wa kiwandani na haujawahi kuguswa, usiukate. Tafuta ubao wa mlango uliochoka, au chonga mpya wa hadibodi ukitumia ule wa zamani kama kigezo, kata huo mpya, na wa asili uuhifadhi mahali pakavu. Siku ukiliuza gari, mnunuzi atauulizia.

Kuna na njia ya tatu: spika kukaa kwenye vibao vya pembeni mwa miguu, mbele ya mlango, na mlango usiguswe kabisa. Kwa gari dogo ambalo kioo chake hujaza mlango mzima kikiteremka, mimi huanza kwa kuitazama njia hiyo. Ila kama unataka mlangoni, endelea.

Jua umeme wa gari lako kabla ya kununua redio

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayounguza vifaa. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yaliunganishwa chanya kwenye bodi: terminali chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi. MGB, kwa mfano, ilibadilishwa kwenda hasi mwishoni mwa 1967. Redio ya kisasa ina ganda la chuma lililounganishwa na hasi. Ukiifunga kwenye bodi ya gari la chanya, umeunganisha ncha mbili za betri kupitia redio yako. Gari la namna hiyo libadilishwe kwanza kuwa hasi kwenye bodi, au utafute redio iliyotengenezwa kwa ajili yake. Pia hakikisha ni volti 12. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina volti 6.

Jambo la pili ni spika ya zamani yenyewe. Katika magari mengi ilikuwa na waya mmoja tu kutoka kwenye redio, na upande wake wa pili umefungwa kwenye bati. Mtindo huo usiuendeleze. Redio za siku hizi husukuma umeme kwa nyaya zote mbili za spika, na hakuna kati ya hizo mbili unaotakiwa kugusa bodi. Kila spika ipate nyaya zake mbili, kuanzia redioni mpaka kwenye terminali za spika.

Ukishajua hayo, toa waya wa betri, kuanzia ule uliofungwa kwenye bodi, na usiurudishe mpaka nitakapokuambia.

Waya gani

Redio iliyoandikwa 4×50 hutoa kwa kweli wati 15 hadi 22 za mfululizo kwa kila chaneli. Ile 50 ni kilele cha muda mfupi mno. Kwa hiyo huhitaji waya mnene kama wa betri. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha na kubaki. Hesabu ni rahisi: mita moja ya shaba ya unene huo ina ukinzani wa takriban omu 0.0115. Kutoka redioni hadi mlangoni tuseme mita 4, kwenda na kurudi 8, jumla omu 0.09. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni kama asilimia 2, sikio halitaigundua. Waya wa 0.75 utakupa maradufu ya hapo, bado unavumilika, ila ni rahisi zaidi kukatika.

Ubora wa waya una uzito kuliko unene wake. Tafuta shaba tupu yenye nyuzi nyingi nyembamba kama nywele. Sokoni kumejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa nje hufanana kabisa na za shaba, ila bei ni ya chini. Kwangua kipande kwa kisu: kama ndani kuna weupe, ni alumini. Sebuleni waya huo hauna neno, lakini kwenye bawaba utakatika nyuzi moja moja, na ncha zake mlangoni mwenye unyevu zitaliwa na kutu nyeupe. Pia ganda la waya liwe laini. Likunje kwa vidole. Likibaki na alama nyeupe au likijirudisha kwa nguvu kama springi, mlangoni halifai.

Vingine utakavyohitaji: keekee na biti ndogo ya milimita 3, biti ya ngazi ya kupanulia tundu, panchi na nyundo, tupa ya mviringo, rangi ya kuzuia kutu na brashi ndogo, mpira wa tundu au mpira wenye mikunjo kwa kila mlango, mita ya umeme, koleo la kubania terminali, vifuko vya plastiki vinavyosinyaa kwa joto, vifungo vya plastiki, tepu ya kitambaa, waya mgumu wa kuvutia, na miwani ya kulinda macho. Mipira yenye mikunjo hupatikana kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa. Ile ya mlango wa nyuma wa gari dogo la kisasa mara nyingi ndiyo saizi inayofaa.

Fungua ubao wa mlango na upime

Mkono wa kuteremshia kioo hushikiliwa na skrubu, pini, au kibanio cha springi chenye umbo la kiatu cha farasi. Kwa hicho cha mwisho kuna ujanja wa zamani: chukua kitambaa, kiingize nyuma ya mkono, kisha kivute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu. Kibanio hunaswa na nyuzi na kuruka chenyewe. Funika mahali hapo kwa mkono wa pili, maana kinaruka mbali na ni kidogo.

Vibanio vya ubao viinue kimoja kimoja, chombo kikiwa kimesogea karibu kabisa na kibanio chenyewe. Hadibodi ya miaka hamsini huchanika kama biskuti ukivuta kwa pembeni. Nyuma ya ubao utakuta karatasi ya nailoni au ya lami. Ibandue taratibu, usiitupe. Hiyo ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye ubao.

Sasa teremsha kioo chote hadi mwisho. Pima kutoka kwenye bati la ndani ya mlango hadi kwenye kioo, na hadi kwenye mikono ya mashine ya kioo, mahali unapofikiria kuiweka spika. Pandisha, teremsha, pima tena, maana mikono ya mashine hupita sehemu tofauti kadiri kioo kinavyosogea. Spika ya inchi 6.5 ya kawaida huhitaji kina cha milimita 60 hivi, na zile bapa karibu 45. Kwenye kipimo chako ongeza unene wa ubao na wa kigango (pete ya plaiwudi) utakachoweka chini ya spika, kisha acha angalau milimita 10 za usalama. Kama inchi 6.5 haiingii, chukua 5.25 au hata 4. Spika ndogo iliyokaa vizuri ina raha kuliko kubwa inayokwaruzwa na kioo.

Mahali pa kutoboa

Hapa usiwe na haraka. Kabla ya kushika keekee, tafuta tundu ambalo tayari lipo. Baadhi ya magari yana matundu kwenye nguzo yaliyozibwa kwa vifuniko vya mpira, mara nyingine kwa sababu kiwanda kilitumia bodi hiyohiyo kwa aina zenye madirisha ya umeme. Mengine yana swichi ya taa ya ndani kwenye nguzo, ambayo inakuonyesha kuwa nyuma yake kuna njia wazi. Nilishawahi kupaka rangi upya tundu ambalo sikupaswa kulitoboa, na lililokuwepo la kiwandani lilikuwa sentimita kumi chini yake, limefichwa na tabaka la lami.

Kama hakuna, elewa kwanza waya unafanya nini mlango ukifunguka. Chukulia matundu mawili yako usawa mmoja, kila moja sentimita 5 kutoka kwenye mhimili wa bawaba, na mlango ukifungwa yanakaribia kugusana. Ukifungua mlango kwa pembe ya nyuzi 70, umbali kati yake unakuwa karibu sentimita 5.7. Maana yake mlango ukifungwa kuna sentimita 5.7 za waya zisizo na pa kwenda. Zitajikunja na kubanwa, kama zilivyobanwa zangu.

Sasa shusha tundu moja sentimita 6 chini ya jingine. Mlango ukifungwa umbali ni sentimita 6. Ukifunguliwa unakuwa kama 8.3. Tofauti imeshuka kutoka 5.7 hadi 2.3. Waya sasa umelala karibu sambamba na mhimili wa bawaba, na badala ya kukunjwa unajisokota kidogo tu. Shaba yenye nyuzi nyingi huvumilia kusokotwa kuliko kukunjwa mahali pamoja.

Kwa hiyo kanuni ni mbili: matundu yakae karibu na mhimili wa bawaba iwezekanavyo, na yapishane kwa urefu. Lipi liwe juu? La kwenye nguzo. Maji yakifuata waya yatateremka kuelekea mlangoni, na mlango una matundu ya kutolea maji chini. Ukigeuza, maji yatatiririka hadi kwenye miguu ya abiria na chini ya kapeti, kisha utalaumu mpira wa kioo cha mbele bure.

Mara nyingi nafasi nzuri ni kati ya bawaba ya juu na ya chini, mbali na chuma kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, weka alama kwa kalamu, kisha fanya jaribio la uzi: kata kipande cha kamba laini chenye unene wa waya wako, kibandike alama hadi alama kwa tepu, funga mlango polepole ukimulika kwa tochi. Ukiona kamba inaingia kwenye ukingo wa mlango au inakutana na bawaba, sogeza alama. Kubandua tepu ni rahisi kuliko kuziba tundu.

Angalia pia nyuma ya bati. Upande wa ndani wa nguzo kunaweza kupita nyaya za taa, kebo ya kufungulia boneti, au bomba la maji kutoka sehemu ya hewa. Toa kibao cha miguuni, ingiza mkono, papasa. Nguzo nyingi ni sanduku lenye bati mbili. Hakikisha la ndani lina tundu kubwa la kukuwezesha kuutoa waya, la sivyo utatoboa mara mbili.

Kutoboa

Kama keekee haiingii kati ya nguzo na mlango, una njia tatu: kutumia kichwa cha pembe, kutoa chuma kinachozuia mlango ili ufunguke zaidi, au kuung'oa mlango. Ukiung'oa, chora mstari kuzunguka bawaba kwa kalamu kabla ya kulegeza bolti, na uwe na mtu wa kuushika. Mlango wa chuma wa zamani ni mzito na hauna huruma na rangi ya madigadi. Ukitoa kizuizi tu, weka mto au blanketi mbele ili mlango usigonge bodi.

Gonga panchi katikati ya alama ili biti isiteleze. Zungushia biti tepu ikiacha milimita 10 tu, isizame ikachoma kilichoko nyuma. Toboa kwa biti ya milimita 3 kwanza. Chungulia ndani kwa tochi. Kama kila kitu kiko sawa, panua kwa biti ya ngazi hadi kipimo cha shingo ya mpira wako. Pima shingo yenyewe, usikisie. Tundu likizidi milimita mbili tu mpira utachomoka siku ya kwanza.

Kisha kazi ambayo wengi huiacha kwa uvivu. Sugua ukingo kwa tupa, mbele na nyuma, mpaka upitishe kidole bila kuhisi ukali. Ondoa vumbi lote la chuma kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, maana chembe zilizobaki chini ya mlango zitaota kutu na kutokeza kwenye rangi kama madoadoa ya chai. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili kuzunguka ukingo, ndani na nje, uache ikauke kabisa. Mwisho paka rangi ya gari. Hapo ndipo mpira unaingia. Ukiwa mgumu, upake maji ya sabuni. Usitumie oili wala grisi, vinaulainisha mpira na kuuozesha.

Kupitisha waya

Anzia mlangoni kuelekea redioni. Sukuma waya mgumu wa kuvutia kutoka ndani ya nguzo hadi utokeze kwenye tundu, ufunge ncha ya waya wa spika kwa tepu iliyochongoka kama ncha ya penseli, kisha vuta huku mtu mwingine akilisha waya kutoka upande wa pili. Usivute kwa nguvu. Waya ukikataa, rudisha kidogo, zungusha, jaribu tena.

Ukishapita matundu yote mawili kupitia mpira, fungua mlango hadi mwisho na uvute waya hadi unyooke bila kukaza. Kisha urudishe sentimita 3 au 4 za ziada. Hicho ndicho kipimo. Ziada ikizidi itatafuta pa kubanwa, ikipungua kila kufungua kutavuta terminali.

Sasa funga waya usitembee: kifungo kimoja ndani ya mlango, sentimita 5 hivi kutoka kwenye mpira, na kingine nyuma ya nguzo kwa umbali huohuo. Lengo ni kwamba mwendo wote wa mlango ubaki kwenye kipande kilicho kati ya vifungo viwili. Kipande hicho kiwe kizima, hakina kiungo cha aina yoyote. Risasi ya kulehemu huzigandisha nyuzi, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika. Kama waya wako ni mfupi na kiungo kitaangukia kwenye bawaba, nunua mrefu zaidi.

Kutoka kwenye nguzo, pitisha nyuma ya kibao cha miguuni na upande hadi nyuma ya redio. Kaa mbali na pedali, nguzo ya usukani, mikono ya waipa na kebo za hita. Kanyaga pedali zote na uzungushe usukani huku ukitazama. Ambapo waya unavuka ukingo wa bati, uvishe bomba laini la plastiki lililopasuliwa. Ukikutana na waya mkuu wa umeme, uvuke kwa pembe mraba, usilale nao sambamba mita nzima.

Weka alama kwenye kila ncha papo hapo, kwa tepu iliyoandikwa «kushoto» na «kulia». Utafikiri utakumbuka. Hutakumbuka.

Ndani ya mlango ni nje

Mlango wa gari umetengenezwa kupitisha maji. Mvua huteremka kwenye kioo, huingia ndani, na hutoka kwenye vitundu vya chini. Ichukulie spika kama kitu kilichowekwa barazani.

Zibua kwanza vitundu vya kutolea maji kwa kijiti. Kisha laza waya kando ya bati la ndani, mbali na njia ya kioo, na uufunge kila sentimita 15. Unapofika kwenye spika, ushushe waya chini ya terminali halafu upande kuziingia kutoka chini. Tone linalofuata waya litadondoka kwenye upinde huo wa chini, halitafika kwenye kiungo.

Usiifunge spika kwenye hadibodi peke yake. Inalegea, inatetemeka, na mwaka wa pili skrubu zimetoka. Tengeneza kigango cha mviringo cha plaiwudi ya milimita 12, kipake vanishi pande zote na hasa kwenye kingo zilizokatwa, ukifunge kwenye bati la mlango, na spika ifungwe kwenye kigango hicho. Bao za unga wa mbao uliogandishwa ziache, zikilowa huvimba kama mkate ndani ya chai. Kati ya kigango na bati weka utepe wa sponji. Nyuma ya spika, upande wa juu, weka kipaa cha plastiki au mpira cha kukinga maji yanayotoka kwenye kioo. Ile karatasi ya nailoni irudishe mahali pake, ukikata tundu la spika tu na kuibandika ukingo kuzunguka kigango.

Kuunganisha

Nyuma ya redio nyingi za kisasa rangi ni hizi: nyeupe ni chanya ya mbele kushoto, na nyeupe yenye mstari mweusi ni hasi yake. Kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto, zambarau ni nyuma kulia, na kila moja hasi yake ina mstari mweusi. Hata hivyo soma karatasi ya redio yako.

Waya wa spika una upande wenye mstari, maandishi au rangi tofauti. Uchague kuwa chanya na usibadilishe mawazo katikati ya kazi. Mlangoni tumia terminali za kusukuma zenye saizi sahihi. Kwenye spika nyingi ya chanya ni pana kuliko ya hasi. Bana kwa koleo la kubania, si kwa meno ya plaizi, kisha vuta kwa nguvu ya kawaida. Ikitoka, ilikuwa itoke njiani. Visha kifuko cha kusinyaa na upashe joto.

Kuhakikisha spika mbili zinasukuma pamoja, kabla ya kuunganisha redio chukua betri ndogo ya volti 1.5. Upande wa redioni, gusisha chanya ya betri kwenye waya wa chanya na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni ya spika iruke nje kidogo. Ikizama ndani, umegeuza. Spika moja ikiwa kinyume cha nyingine, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi.

Pima kabla ya kurudisha ubao

Ukiwa bado na mlango wazi na redio haijaunganishwa, chukua mita. Kati ya nyaya mbili za spika moja, spika ya omu 4 itasoma kati ya 3 na 4. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zinagusana. Isiposoma kitu, kuna mkatiko. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya gari mahali palipo na chuma kitupu, na nyingine kwenye kila waya wa spika kwa zamu. Pasionekane chochote. Hata usomaji wa kuja na kuondoka unamaanisha kuna mahali ganda limechunika.

Acha mita hivyohivyo, mtu aitazame, nawe fungua na kufunga mlango mara thelathini. Funga kwa kubamiza, funga kwa upole, acha nusu. Teremsha kioo na kukipandisha mara kadhaa. Mulika mpira kwa tochi wakati mlango unakaribia kufunga. Njia moja ninayoipenda ni kupaka chaki ya rangi kwenye ukingo wa nguzo, kufunga mlango, kufungua, na kuangalia kama mpira una alama ya chaki. Ukiwa nayo, umebanwa mahali hapo.

Mwagia maji kwa mpira wa bustani juu ya kioo kwa dakika tano. Angalia yanatoka chini ya mlango na kwamba kibao cha miguuni ni kikavu.

Hapo sasa unganisha redio, urudishe betri, kisha uiwashe redio kwa sauti ya chini. Kwa kidhibiti cha balance, peleka sauti kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, uone majina uliyoandika kwenye tepu yana ukweli. Panda sauti taratibu. Ukisikia mtetemo, gusa ubao wa mlango kwa kiganja. Mtetemo ukinyamaza, ni kibanio kilicholegea au waya unaogonga bati, si spika.

Baada ya mwezi mmoja wa kuendesha, fungua mlango, uvute mpira wenye mikunjo taratibu upande wa nguzo na uangalie ganda la waya kwa tochi. Ukiliona linang'aa mahali pamoja kama lililosuguliwa, legeza kifungo cha ndani ya mlango na usogeze waya sentimita moja.